Maswali ya wasomaji: "Nimekataa kuoga dawa, sasa naitwa nuksi wa timu"

Mwezi huu maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyopewa, na cha kushangaza karibu yote yanatoka kwa watu walio kwenye timu, mpira wa miguu, netiboli, hadi mmoja wa timu ya kuvuta kamba ya ofisini kwao (huyo nitamjibu pembeni maana swali lake kiukweli ni la hela, sio la imani). Nimechukua matano. Majina sijaweka na timu sijataja, ukihisi ni timu yenu basi hisi tu.

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni namba tatu, beki wa pembeni, nina miaka 22, nachezea timu moja ya ligi ya mkoa. Nimeokoka toka nipo fomu three. Timu yetu ina kamati ya ufundi, ile ya mambo ya dawa na waganga, si unazijua zilivyo. Usiku wa kuamkia dabi tukaamshwa saa nane kambini, tukapangwa foleni uani, kuna beseni lina maji na majani, kila mtu anavua shati ananawa uso na miguu anapita bila kugeuka nyuma. Mi nikakataa, nikasema mbele ya wote kwamba siwezi kushirikiana na mashetani. Kesho yake tukapigwa moja bila kwa penalti na penalti niliisababisha mimi. Toka hapo naitwa nuksi, wanasema mlokole kavunja dawa, kocha kaniweka benchi mpaka leo. Kapteni, ambaye naye anasali, kaniambia bro we pita tu kwenye beseni, moyoni sali zako, nani atajua. Na mchungaji wangu kanipa chupa ya mafuta ya upako nipake kwenye daluga na kwenye nguzo za goli kimyakimya ili tuwashinde kwa jina la Yesu. Nifanyeje, niache timu? Posho ya hapa ndo inayonilipia chumba.*

Marahaba kijana wangu. Tuanze na penalti kwanza, maana naona kila mtu kairuka. Beki wa pembeni anayesababisha penalti ama alichelewa kugeuka, ama alivuta jezi, ama mkono ulikuwa mbali na mwili, hamna lingine. Nenda kwa kocha ukiwa peke yako umwambie kocha lile kosa langu la Jumapili naomba unielekeze nilitakiwa nisimame wapi. Basi. Usitaje beseni. Lile tukio likijadiliwa kama mpira litabaki mpira, ila ukinyamaza linaendelea kupikwa vyumbani kila usiku mpaka linakuwa kesi ya kiroho na wewe ndo mshtakiwa.

Sasa beseni. Kukataa ulikuwa sahihi na sitakuambia vinginevyo, Kumbukumbu la Torati 18 iko wazi kuhusu mambo ya uganga na kubashiri na sidhani kama unahitaji mimi nikusomee. Ila hoja ya kapteni wako usiidharau, ina babu yake kwenye Biblia. Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, 2 Wafalme 5, baada ya kuoga Yordani akamwambia Elisha kwamba bosi wangu mfalme akiingia kwenye nyumba ya Rimoni kuabudu huwa anauegemea mkono wangu, na mimi itanibidi niiname naye, naomba Bwana anisamehe kwa hilo. Na Elisha hakumfokea, alimwambia aende kwa amani. Watu wengi wa kambini wanaishi kwa mstari huo bila hata kujua upo.

Lakini uangalie vizuri. Naamani alikuwa kazini, kamshika mkono mzee anayeinama. Hakuwa anamwomba Rimoni kitu. Alafu alisema mapema, kwa mdomo wake, kwa mtu wa Mungu, hakujificha nyuma ya "nani atajua". Kwahiyo mi nakata hivi, na mwingine anaweza kukata tofauti: gari ya timu ikizunguka kupita barabara ya nyuma kwa sababu mganga kasema, we upo ndani ya gari, umekaa, huo sio uganga wako. Meneja akiamua timu nzima iingie kwa mlango wa pembeni badala ya mlango rasmi, hapo ni yeye na kanuni, na kanuni ina meno maana Bodi ya Ligi imeshawapiga faini hata wakubwa kwa mambo hayo na kwenye barua zao wanaandika kabisa "imani za kishirikina". Ila beseni ni mwili wako. Chale ni mwili wako. Mchango wa kumlipa fundi ukikatwa kwenye posho yako ni jasho lako. Hapo kwenye mwili na jasho ndo pa kusema hapana, na kwenye chakula fuata Paulo, 1 Wakorintho 10, kinachowekwa mezani kambini kula bila kuuliza uliza, ila mtu akikuambia wazi huu wali umeshafanyiwa kitu basi sogeza sahani taratibu, bila kupiga mayowe.

Na hapo kwenye mayowe ndo nina ugomvi na wewe kidogo. Ulisema "mashetani" saa nane ya usiku mbele ya watu waliokuwa wamevua mashati, wana baridi, wana woga wa mechi, na nusu yao nina uhakika hata wao hawakutaka kuwepo pale. Ukawaambia wao ni nani. Hukuwaambia wewe ni nani. Ungemfuata kapteni au kocha siku mbili kabla, kwa sababu kwenye timu za mkoa kila mtu anajua dabi ina mambo yake, ukasema sentensi mbili tu, kocha mimi kwa imani yangu sitashiriki yale ya usiku, mazoezi na mechi nipo kwa asilimia mia, hapo wangekuwa na muda wa kukupangia hata chumba kingine au kukuacha ulale. Danieli alifanya hivyohivyo na chakula cha mfalme, alimfuata mkuu wake kwa adabu, akaomba, na akapendekeza njia ambayo haimponzi yule mkuu, wajaribiwe siku kumi. Hakumwaga sahani mezani.

Haya, mafuta. Mdogo wangu rudisha hiyo chupa. Najua nitapigiwa simu na wachungaji kwa hili lakini acha nipigiwe. Kupaka nguzo za goli usiku usionekane ili mpira wa wenzako usiingie, hebu nieleze tofauti yake na kazi ya kamati ya ufundi ni ipi zaidi ya lebo ya kwenye chupa? Unaingia uwanjani kwa siri, una kimiminika, unalenga matokeo. Wenzako wakikukuta pale golini na chupa yako hawatasema huyu ni mlokole, watasema kumbe na yeye ana fundi wake, tena anatuficha. Na watakuwa hawajakosea sana.

Shida ya msingi ni hiyo, ukikubali kwamba imani yako itajulikana ni ya kweli kwa matokeo ya mechi umeshaingia kwenye kamati. Matokeo yanasomeka upande wowote. Mnakumbuka AFCON ya 2002 kule Mali, kabla ya nusu fainali polisi walimkamata Thomas Nkono, kipa mkubwa wa zamani wa Cameroon ambaye alikuwa kwenye benchi la ufundi, wakidai kaweka hirizi uwanjani. Kakamatwa, Cameroon ikaingia uwanjani ikashinda tatu bila. Sasa waliokuwa wanaamini dawa wakasema si mmeona, ilikuwa imeshafanya kazi, na wasioamini wakasema si mmeona, mpira ni mpira. Kila mtu alirudi nyumbani na imani yake ileile. Kwahiyo usimwahidi mtu kwamba mkishinda bila beseni ndo Mungu, maana mkifungwa bila beseni utasema nini? Na ule utani wa zamani kwamba dawa ingekuwa inafanya kazi ligi nzima ingeisha kwa sare, ni kweli na unachekesha, ila usiutumie kambini, we tayari una kesi.

Kitu kingine nakuomba sana, wakija kutafuta nuksi mwingine, na watatafuta, labda kipa akifungwa bao la kizembe, we usiwe sehemu ya hayo mazungumzo hata kwa kuguna. Mwaka 2008 Butembo, mashariki ya Congo, mechi ilivurugika baada ya kipa kudaiwa kufanya uchawi, vurugu zikasambaa, watu zaidi ya kumi wakafa, wengi wao vijana. Mtu aliyeitwa nuksi bila kosa anajua hilo jina lina uzito gani, basi kataa kumvisha mwenzio. Hapo utakuwa unaishi imani yako kwenye timu kuliko ile hotuba ya usiku.

Kuacha timu? Sio sasa. Rudi mazoezini, fika mapema, beba koni, na mwombe radhi kapteni kwa lile neno moja, sio kwa kukataa. Kapteni naye anasali, mna mazungumzo yenu wawili ya kufanya na nadhani yeye ana mzigo mkubwa kuliko wako. Ila wakija wakakuambia wazi kwamba beseni ni sharti la kupangwa, hapo omba barua yako ya kuondoka kwa amani kabla dirisha la usajili halijafungwa, na anza leo kutafuta pa kushika kwa ajili ya kodi ya chumba maana posho za ligi ya mkoa hata usipokuwa mlokole hazina uhakika.

*Kaka pole na kazi. Mimi ni mtumishi wa halmashauri na ni GS, yaani mfungaji, wa timu yetu ya netiboli, tunakwenda SHIMISEMITA, yale mashindano ya watumishi wa halmashauri. Mimi ni Msabato. Ratiba ikitoka mara nyingi kuna mechi Jumamosi. Mwaka juzi nilidanganya goti linauma, nikakaa jukwaani. Wenzangu wanasema nakula posho ya halmashauri kama wao alafu nachagua siku. Mume wangu anasema niache michezo. Mimi sitaki kuacha, ila goti siwezi kulitumia tena.*

Dada asante. Nami naona goti limeshachoka.

Kuna mtu mnamsikia sana kwenye mahubiri, Eric Liddell wa Scotland, aliyekataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris 1924 kwa sababu mchujo uliwekwa Jumapili. Kwake siku ya Bwana ni Jumapili, kwako ni Jumamosi, shauri ni lilelile. Wahubiri wengi wanalisimulia kama vile aligundua njiani akiwa na begi mkononi, sio kweli, ratiba aliijua miezi kadhaa kabla, akasema mapema, akahamia mita 400 na akaanza kuifanyia mazoezi. Jumapili yenyewe alikuwa anahubiri kanisa la Waskoti hapohapo Paris. Ijumaa yake, tarehe 11 Julai, akachukua dhahabu ya mita 400 kwa sekunde 47.6. Watu wanaipenda dhahabu, mi napenda ile miezi ya mazoezi, kwa sababu timu ya Uingereza haikushtukizwa na alipoondoa mguu sehemu moja aliuweka sehemu nyingine.

Ila nisikudanganye kwa dhahabu. Yupo na Michael Jones wa New Zealand, rugby, mchezaji wa kutisha, naye Jumapili alikuwa hachezi. Kombe la Dunia 1991 nusu fainali dhidi ya Australia iliangukia Jumapili, Dublin. Hakucheza. New Zealand wakafungwa 16 kwa 6. Mwaka 1995 hakuchukuliwa kabisa kwa sababu robo na nusu fainali zilikuwa zinaangukia Jumapili. Na hakuna baadaye ya kufuta hilo, timu ilipata hasara na yeye akapoteza Kombe la Dunia. Ndo maana wenzako wakisema unawaangusha usiwajibu kwamba Mungu atafidia, wana haki ya kuumia. GS ndo mfungaji, bila wewe mipira inakwenda golini inarudi.

Cha kufanya: kabla majina hayajapelekwa, sio baada ya ratiba kutoka, mwambie kocha na afisa michezo kwamba toka Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama hamnipati, mkiona haiifai timu nisiende, sitanuna. Waamue wao wakiwa na taarifa kamili. Wakikuchukua, posho ya siku hiyo irudishe, au iombe isiandikwe kabisa, maana hiyo ndo hoja pekee ya wenzako yenye msingi na unaweza kuimaliza kwa saini moja. Alafu kaa na yule GS wa akiba mfundishe, kila jioni baada ya mazoezi mpige mipira ya golini, akifunga yeye Jumamosi uwe umefunga na wewe. Na jua likizama Jumamosi usibaki chumbani unaona aibu, nenda kule walipo, mkande mwenye misuli, sikiliza hadithi za mechi uliyoikosa hata zikikuchoma.

Na kuhusu Liddell kuna kipande kingine hakisimuliwi sana. Baadaye alikuwa mmisionari China, vita ikamkuta huko akafungwa na Wajapani kwenye kambi ya raia ya Weihsien, akafia humo Februari 1945. Humo kambini vijana walikuwa wanataka kucheza hoki Jumapili, yeye msimamo wake ulikuwa uleule, hapana. Wakacheza wenyewe bila refa, ikaisha kwa ngumi. Jumapili iliyofuata Liddell akaja uwanjani kuwa refa. Dhahabu alikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya Jumapili, ila watoto wa watu kupigana akaona hapana, acha niende. Sikuambii ucheze Jumamosi. Nakuambia dhamiri yako ilinde kwa ukali wote, ila ikishageuka kuwa sababu ya kutojali wenzako wanavyoumia, irudishe ikaangaliwe.

Shemeji mwambie asubiri kidogo kabla hujaacha.

*Bro habari. Mi ni kapteni timu ya chuo. Kabla ya mechi tunashikana mikono naomba kwa jina la Yesu, ni utamaduni niliuanzisha mimi. Sasa Waislamu wawili wameanza kusimama pembeni na mmoja kaniambia haimkai vizuri. Nikiacha si nitakuwa nimemwonea haya Yesu?*

Hapana. We ni kapteni, kitambaa kile cha mkononi umepewa na timu nzima, na ukikitumia kuwaweka watu kwenye duara ambalo hawawezi kusema amina unatumia kitu ambacho sio chako. Bongo hii tuna njia ya siku nyingi na inafanya kazi, mmoja anaomba dua, mwingine anaomba sala, zamu kwa zamu, au mnainamisha vichwa nusu dakika kila mtu na Mola wake, mnapiga makofi mnaingia. We ukitaka kuomba kwa jina la Yesu kwa sauti amka mapema na wale wanaotaka, mkae chini ya mti, nani kawakataza? Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 6 alionekana kupenda zaidi chumba chenye mlango uliofungwa.

Ila usiishie kwenye kuacha, hiyo ni nusu. Ramadhani ikifika nenda kwa meneja umwombe chakula cha jioni kisogezwe hadi magharibi ili wale wawili wasikute ugali umepoa na mboga imebaki mchuzi, na mazoezi ya mbio ndefu yasiwekwe saa kumi jioni. Fanya hivyo bila kutangaza, na wala usiwaulize baadaye kama wameona. Kapteni mmoja Mkristo niliyewahi kucheza naye alikuwa anawawekea wenzake wa Kiislamu tende kwenye mfuko wa jezi anaokaa nao benchi, adhana ikisikika mechi ikiwa haijaisha anawarushia wale wa akiba, na siku timu ilipokuja kugawanyika kwa mambo ya uongozi, huyo ndo aliyesikilizwa na pande zote mbili. Mi sijawahi kusikia akihubiri, sauti yenyewe alikuwa hana.

*Mwalimu, nikifunga goli naruhusiwa kuvua jezi nionyeshe fulana ya ndani imeandikwa YESU NI BWANA? Nimeshaichapisha.*

Huruhusiwi. Kuvua jezi peke yake ni kadi ya njano, na maandishi ya dini kwenye fulana ya ndani yamekatazwa na Sheria namba 4 ya mpira, sawa na ya siasa na ya binafsi. Najua unamfikiria Kaká na fulana yake ya "I Belong to Jesus" pale Athens 2007 baada ya Milan kuwafunga Liverpool mbili moja, lakini ile ilikuwa filimbi ya mwisho imeshapulizwa, na baada ya hapo mambo yalizidi kubanwa, 2009 Brazil walipopiga magoti timu nzima kusali katikati ya uwanja Johannesburg baada ya kuchukua Kombe la Mabara, FIFA iliwaandikia kuwakumbusha.

We kama tayari una njano moja alafu unafunga bao unavua jezi, unatoka na nyekundu, wenzako wanabaki kumi wakilinda bao lako huku fulana ikiwa bafuni na wewe. Sidhani kama kuna hata mmoja atakayevutwa kanisani kwa njia hiyo. Piga goti, nyoosha kidole juu, endelea na mpira. Fulana vaa sokoni.

*Shikamoo mwalimu, mi kipa. Tukiongoza dakika za mwisho kocha ananipa ishara nianguke nijifanye naumwa ili muda uende. Ni dhambi? Wote wanafanya.*

Marahaba. Kucheza taratibu ndani ya sheria ni akili ya mpira, chukua sekunde zako, panga ukuta, funga kamba ya kiatu ikifunguka. Ila jua siku hizi kipa ukikaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde nane refa anawapa wapinzani kona, na anahesabu kwa vidole zile tano za mwisho, kwahiyo hata ujanja wenyewe umepungua.

Kulala chini unashika mbavu huku daktari wa timu anakimbia na begi, huo ni uongo, na unauigiza kwa mwili mzima. Mwambie kocha, tena mkiwa mazoezini na sio dakika ya 88, kwamba kocha mi nitapoteza muda kwa kila njia halali unayoijua na nisiyoijua utanifundisha, ila kuumwa siigizi. Makocha wengi watakununia wiki moja. Alafu kuna faida ambayo hata asiyesali anaielewa: siku ukigongwa kichwa kwelikweli na mshambuliaji, refa atasimamisha mechi papo hapo maana anajua yule kipa hajiangushi. Kuna makipa wamelala chini wameumia kweli na mpira ukaendelea juu ya vichwa vyao kwa sababu ya mazoea yao.

"Wote wanafanya" sijaijibu, na sitaijibu.

Nimebakiwa na nafasi kidogo, huyu alituma jana usiku kaniambia ni dharura: *kila siku saa kumi na moja alfajiri natuma neno la uzima kwenye grupu la timu, pamoja na voisi ya dakika kama sita, wiki hii admin kanitoa, je huku ni kuteswa kwa ajili ya Kristo?*

Hapana mdogo wangu, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri. Mwombe admin akurudishe maana humo ndo ratiba ya mazoezi inapotumwa, na usipofika mazoezini hutapangwa, neno lako utalihubiria nani? Atakayependa kupata neno akuombe, umtumie yeye binafsi, na ikizidi dakika mbili ikate. Na ukisharudishwa pandisha juu usome meseji za wiki nzima, humo katikati ya vile vivoisi vyako kuna mtu kaandika mtoto wake kalazwa na hakuna aliyeona. Huyo mpigie simu.